Mnyemeleaji anamaliza maadui peke yake: nimpunguzie dadu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naendesha mchezo wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, kwa marafiki zangu wanne. Tunatumia kitabu cha sheria cha 2014 na wahusika wamefika levo ya 5. Mmoja anacheza mnyemeleaji (rogue) mwenye upanga mwembamba. Karibu kila zamu yake anapata pigo la kuvizia (sneak attack), yaani dadu za madhara ya ziada, anamwaga dadu mezani, adui chali. Anayecheza mpiganaji ameanza kununa, anasema yeye ndiye mwenye deraya na misuli lakini sifa zote zinakwenda kwa mdokozi. Nimepanga kuweka sheria kwamba pigo la kuvizia lipatikane tu akiwa amejificha kweli, tena mara moja kwa kila pambano. Ni sawa? Na nikitunga mchezo wangu mwenyewe, nguvu kama hii naipima vipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usiiweke sheria hiyo, angalau usiiweke kabla hujakaa chini na kalamu. Ukifanya hesabu utaona kwamba mnyemeleaji anayechezwa kwa mujibu wa kitabu yuko nyuma kidogo ya mpiganaji, na kwamba sheria unayoitaka itamgeuza kuwa mzigo kwa wenzake. Manung'uniko ya mezani ni ya kweli, sikatai, ila chanzo chake si zile dadu.

Tuanze na kitabu, maana malalamiko mengi kuhusu mnyemeleaji huishia hapo. Pigo la kuvizia huanza na dadu moja ya pande sita kwenye levo ya 1, kisha huongezeka moja kila levo ya witiri: tatu kwenye levo ya 5, sita kwenye levo ya 11, kumi kwenye levo ya 19. Silaha lazima iwe ile ya wepesi, kama kisu, upanga mfupi au upanga mwembamba, au iwe ya kupiga kutoka mbali kama upinde. Halafu kuna sharti, na sharti hutimia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupiga kwa nafuu, yaani unarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua kubwa. Ya pili ni kuwepo kwa mtu mwingine aliye adui wa mlengwa, ndani ya futi 5 kutoka kwake, akiwa hajalemazwa, na mnyemeleaji mwenyewe asiwe anapiga kwa kikwazo, yaani kurusha dadu mbili na kuchukua ndogo. Hakuna mahali kitabu kinapodai awe amejificha. Mpiganaji wako akishasimama uso kwa uso na zimwi, mnyemeleaji anayelichoma ubavuni ana haki kamili ya dadu zake. Waliotunga walikusudia alipate karibu kila zamu.

Sasa kagua anachofanya kijana wako, kimya kimya, bila kumfanya mshitakiwa. Je, analipata mara moja tu kwa zamu? Wapo wanaoshika visu viwili na kuhesabu dadu tatu kwa kila kisu. Hilo ni kosa. Kwa upande wa dadu hizo, kisu cha pili kinamsaidia kwa namna moja tu, kwamba cha kwanza kikikosa, cha pili kinaweza kubeba zile dadu. Je, akitumia upinde huku adui mwenye fahamu zake amesimama futi 5 kutoka kwake, unamkumbusha kwamba anarusha kwa kikwazo? Na anapopiga mtu aliye zaidi ya futi 80 kwa upinde mfupi? Kikwazo kinafuta pigo la kuvizia, hata kama rafiki yake amemkumbatia adui. Akipata nafuu na kikwazo kwa pamoja, vinafutana, na hapo anahesabiwa hana kimojawapo. Rafiki aliye karibu na adui anatosha kumrudishia dadu zake. Watu hubishana sana juu ya jambo hili na jibu lake ni hilo tu.

Na akipata 20 kavu, yaani dadu ya kushambulia yenyewe ikaonyesha 20? Zinaongezwa dadu mara mbili, zikiwemo zile za kuvizia, kwa hiyo tatu zinakuwa sita. Nyongeza yake ya wepesi, tuseme 4, haiongezwi. Nimeona mtu anajumlisha kila kitu kisha anazidisha kwa mbili. Ni uzembe mdogo lakini wenzake wanauona.

Jambo moja linaweza kukushtua ukalidhania udanganyifu. Kitabu kinasema mara moja kwa zamu, hakisemi mara moja kwa raundi, yaani duru nzima ambamo kila mmoja hupata zamu yake. Adui akimkimbia wakati wa zamu ya huyo adui, mnyemeleaji akatumia tendo lake la kujibu kumkata, hiyo ni zamu nyingine, na masharti yakitimia analipata tena. Ni halali. Mpiganaji aliyechagua njia ya ukamanda wa vita anaweza kutoa nafasi yake moja ya kushambulia ili mnyemeleaji apige kwa tendo la kujibu. Hapo ndipo pigo la kuvizia linapatikana maradufu kweli, na ukiangalia vizuri utagundua limelipiwa na mtu mwingine. Mimi naliruhusu bila kinyongo. Mpiganaji anayenuna angefanya vyema kulijua.

Haya, kalamu. Chukua mnyemeleaji wa levo ya 5 mwenye wepesi 18. Anaongeza 7 kwenye dadu ya kushambulia. Adui ana ulinzi 15, yaani jumla ya kufikia ili umpate, kwa hiyo dadu ikitoa 8 au zaidi amempata. Hiyo ni asilimia 65. Akimpata, upanga mwembamba wastani wake ni 4.5, wepesi 4, dadu tatu za kuvizia 10.5. Jumla 19. Ukizidisha na asilimia 65 na kuongeza kile kidogo cha 20 kavu, kwa zamu anatoa madhara 13.1. Mpiganaji wa levo hiyohiyo, nguvu 18, upanga mkubwa wa mikono miwili, anapiga mara mbili. Kila pigo likiingia ni 11, na kwa hesabu ileile anatoa 15 kwa zamu. Hapo sijamwekea mtindo wake wa kupigana, wala lile tendo la ziada la mara moja ambalo humpa mashambulizi mawili mengine hapohapo.

Mweke mnyemeleaji katika hali nzuri, awe anapiga kwa nafuu. Nafasi ya kupata inapanda hadi karibu asilimia 88, na madhara yanafika 18.1. Sasa amempita mpiganaji, ila amelipia: ametumia tendo lake dogo kujificha, au mchawi amemsaidia. Nenda hadi levo ya 11, mmoja akiwa na wepesi 20 na mwingine nguvu 20, nafasi ya kupata ileile ya asilimia 65: mnyemeleaji ana dadu sita, anatoa kama 21 kwa zamu bila nafuu. Mpiganaji ana mapigo matatu, anatoa kama 24. Kwa uwiano, pengo linabaki karibu lilelile.

Ukitaka kuona tofauti yao kwa macho, wawekee goblini wanne badala ya adui mmoja. Goblini wa kitabu hicho ana ulinzi 15 na pointi 7 za uhai. Mnyemeleaji anampiga mmoja kwa 19, goblini anakufa, pointi 12 zimemwagika chini bure. Mpiganaji anapiga mara mbili kwa wastani wa 11, na kila pigo likiingia anaondoka mmoja. Kwa siku njema ameua wawili wakati mwenzake ameua mmoja. Lakini ukiwawekea zimwi lenye pointi 59, hakuna kinachomwagika, na dadu zote za mnyemeleaji zinaingia kwenye nyama. Basi jiulize: mapambano yako ya karibuni yalikuwa na maadui wangapi? Kama kila mara unaleta jitu moja kubwa katikati ya chumba, umekuwa ukimwandalia karamu huyo kijana, na hata hapo mpiganaji bado anaongoza kwa hesabu: zimwi lina ulinzi 11, mpiganaji anatoa 19.4 kwa zamu na mnyemeleaji 16.9.

Kwa nini basi mezani inaonekana kinyume? Sababu ni za kibinadamu. Mnyemeleaji ana wepesi, na wepesi ndio unaoamua nani anaanza, kwa hiyo mara nyingi anafungua pambano. Madhara yake yanakuja kwa mkupuo, dadu nne zinagonga meza kwa pamoja, watu wanahesabu kwa sauti. Ya mpiganaji yanakuja kwa vipande viwili vya kawaida. Na akili zetu humkumbuka aliyemaliza. Mpiganaji kaondoa 35, mchawi 10, mnyemeleaji kaja na 19 zimwi likaanguka, na wote wanasema mnyemeleaji ndiye aliyeliua. Kipindi kijacho andika madhara ya kila mtu kwenye karatasi yako, usiwaambie, kisha jumlisha mwishoni. Nina hakika namba zitakushangaza.

Ila kama namba zitamwonyesha mpiganaji nyuma sana, mtafute mpiganaji kwanza. Je, anakumbuka kwamba levo ya 5 ndiyo inayompa pigo la pili? Meza nyingi hupandisha levo haraka haraka, watu wanaongeza uhai na kusahau lingine. Je, amechukua ngao na upanga wa mkono mmoja? Basi amechagua ulinzi badala ya madhara, na hilo ni chaguo lake. Sifa zake zihesabiwe kwa vipigo alivyovizuia. Je, unawapa nafasi ya pumziko fupi la saa moja kati ya mapambano? Lile tendo la ziada la mpiganaji hurudi baada ya pumziko fupi. Mnyemeleaji hana cha kuisha, yeye hupiga vilevile asubuhi na jioni. Ukiwasukuma vita baada ya vita bila kupumzika, mpiganaji anakauka huku mwenzake yuko palepale. Wape hilo pumziko.

Sasa tuitazame sheria yako. Mnyemeleaji hana pigo la pili wala uchawi wa kuunguza. Pigo la kuvizia ndilo mshahara wake, wewe umelichukulia kama bahasha. Mwondolee, anabaki na upanga mwembamba na wepesi, wastani 8.5 akipata, kwa zamu 5.75. Mchawi wa levo ya 5 ana kombora la moto la bure, analirusha siku nzima bila kuishiwa, dadu mbili za pande kumi, na kwa asilimia 65 zilezile anatoa 7.7. Kwa hiyo katika zamu zote ambazo hajajificha, mtaalamu wa visu angekuwa anapiga chini ya mzee wa vitabu aliyechoka.

Na kujificha kwenyewe si rahisi unavyodhani. Anahitaji kitu cha kujificha nyuma yake, atumie tendo dogo, ashinde umakini wa maadui. Mwenye upinde anaweza kuchungulia, akapiga, akarudi. Mwenye upanga lazima atoke mafichoni, atembee hadi kwa adui mchana kweupe, na waendesha mchezo wengi watasema hapo ameshaonekana. Sheria yako, bila wewe kukusudia, inafuta kabisa mnyemeleaji wa upanga na kumwacha wa upinde peke yake, ambaye naye atakwama nyuma ya pipa lilelile kila zamu. Kama kuna mchezo unaochosha kuutazama, ni huo.

Unachopendekeza kilishajaribiwa, tena miaka mingi. Mwizi, mtangulizi wa mnyemeleaji, aliingia kwenye mchezo huu mwaka 1975, na katika vitabu vya 1978 alikuwa na pigo la mgongoni: alipaswa kumpiga mtu kwa nyuma bila huyo mtu kujua, akipata, madhara ya silaha yanazidishwa mara mbili levo ya 1 hadi 4, mara tatu 5 hadi 8, mara nne 9 hadi 12, na mara tano 13 hadi 16. Inasikika kubwa. Lakini mwizi wa levo ya 1 alikuwa na asilimia 10 ya kujificha kivulini na asilimia 15 ya kutembea bila sauti. Mwendesha mchezo aliyedai vyote viwili alimwachia nafasi chini ya 2 katika 100, na zawadi yake ni kisu kuzidishwa mara mbili, wastani 5. Mwizi wa enzi hizo aliishi kwa kufungua makufuli na kukwea kuta. Vitani alikaa nyuma.

Toleo la tatu, mwaka 2000, ndilo lililoleta dadu za pande sita zinazoongezeka kila levo ya witiri, na likaruhusu ziingie kwenye kila shambulio, si mara moja kwa zamu. Aliyemzunguka adui akiwa na visu viwili na mashambulizi kadhaa alikuwa balaa. Wakamdhibiti kwa njia ambayo naiona mbaya kuliko zote: aina nzima nzima za maadui hazikudhurika na pigo hilo. Wafu wanaotembea, masanamu ya uchawi, uteute, mimea, viumbe vya asili ya moto na maji. Ukimwingiza mnyemeleaji makaburini kwa miezi miwili, alikuwa mtazamaji. Pathfinder ya 2009, mchezo mwingine uliorithi sheria hizo, ilifungua tena sehemu kubwa ya milango hiyo. Nakutajia haya kwa sababu kishawishi chako kinachofuata, baada ya kuiacha sheria ya kujificha, kitakuwa kuleta maadui wasiochomeka. Mara moja moja ni sawa. Kila wiki ni kumfukuza mchezaji kwa adabu.

Kuna kitu kimoja nataka ukihakikishe kabla ya kuendelea. Mnyemeleaji wako alichagua njia gani levo ya 3? Kama ni muuaji wa siri wa kitabu cha 2014, basi picha ya pambano la kwanza inabadilika. Huyo anapiga kwa nafuu yeyote ambaye hajapata zamu, na akimpata mtu aliyeshtukizwa, pigo linahesabiwa kama 20 kavu moja kwa moja. Levo ya 5 hiyo ni dadu mbili za pande nane, sita za pande sita na 4 juu yake, wastani 34. Mkuu wa wanyang'anyi anaweza kufa kabla hajamaliza sentensi yake. Dawa yake imo mikononi mwako: kushtukizwa kunaamuliwa na wewe, kwa kulinganisha ukimya wao na umakini wa maadui, na kila mmoja wa maadui anapimwa peke yake. Kama kundi zima linatembea na mpiganaji mwenye deraya inayogongana kama sufuria, usimpe muuaji mshtukizo wa bure kwa sababu tu alisema "nanyemelea". Akitaka mshtukizo, atangulie peke yake, na hatari ya kutangulia peke yake aibebe. Toleo la 2024 limelipunguza hilo: kushtukizwa sasa kunamfanya adui arushe kwa kikwazo dadu ya kupanga zamu, na badala ya ile 20 kavu ya moja kwa moja, pigo la kuvizia la muuaji katika raundi ya kwanza linaongeza madhara sawa na levo yake.

Ukishajua uko wapi, fanya kazi kwenye uwanja wa vita. Hili ndilo eneo lako halali, na halihitaji kugusa sheria hata moja. Maadui wenye akili hawasimami wakisubiri kuchomwa ubavuni. Goblini kwa kitabu wanaweza kujitenga au kujificha kwa tendo dogo, na waendesha mchezo wengi hawawatumii hivyo. Wapange kwenye madaraja na ngazi, wapige mishale, wasogee. Mnyemeleaji atalazimika kuchagua: amfuate yule aliye peke yake na akose sharti la rafiki wa karibu, au abaki pale mpiganaji alipo. Ghafla mpiganaji ndiye anayeamua wapi pigo la kuvizia litapatikana, na atakuwa wa kwanza kulitambua.

Mpige pia mnyemeleaji mwenyewe. Kwa umbo la kawaida ana pointi kama 38 za uhai, mpiganaji 44, na ulinzi wa mnyemeleaji ni 16. Levo ya 5 ana uwezo wa kukwepa unaopunguza nusu ya madhara ya shambulio moja, lakini unatumia tendo la kujibu, ambalo ni moja tu kwa raundi. Akilitumia kujiokoa, hana tena la kumkata anayekimbia. Maadui wawili wakimwendea, la kwanza atalikwepa nusu, la pili litamkuta. Hapo ndipo atakapomwita mwenye ngao.

Dawa ninayoipenda zaidi iko kwenye kitabu cha 2024, na unaweza kuiazima hata kama hamjahamia huko. Kuanzia levo ya 5 mnyemeleaji anaruhusiwa kuacha dadu moja ya pigo la kuvizia ili apate kitu kingine. Anaweza kumwangusha adui asiye mkubwa kupita kiasi, adui akishindwa kujinusuru kwa wepesi. Anaweza kumtia sumu, kama amebeba vifaa vya sumu. Au anaweza kujiondoa nusu ya mwendo wake bila kukatwa njiani. Levo ya 14 zinakuja kubwa zaidi: kumpumbaza adui kwa dadu mbili, kumpofusha kwa tatu, kumzimisha kwa sita.

Tazama kinachotokea kwenye meza yako. Mnyemeleaji anachoma, anaacha dadu moja, yaani wastani wa 3.5, adui anaanguka chini. Inafuata zamu ya mpiganaji. Adui aliyelala hupigwa kwa nafuu na aliye karibu naye. Dhidi ya ulinzi 15, ile 15 ya mpiganaji kwa zamu inakuwa karibu 20.7. Kundi limepata 5.7 kwa kupoteza 3.5, na ukimwekea adui nafasi moja kati ya nne ya kubaki wima, bado wana faida. Kama mwingine naye yuko karibu na upanga, faida inakua. Mwenye upinde atakasirika kidogo, kwa sababu aliyelala hupigwa kwa kikwazo kutoka mbali, kwa hiyo itabidi waongee kabla ya kutenda. Unaona? Anayecheza mpiganaji ataanza kumwomba mwenzake atumie pigo la kuvizia. Weka hili kabla ya kitu kingine chochote, na uwaambie wote wawili pamoja.

Kama baada ya yote hayo, na karatasi yako ya madhara mkononi, mnyemeleaji bado anaongoza kwa mbali, tafuta silaha ya uchawi uliyompa. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi mwendesha mchezo ndiye aliyempa. Mpe mpiganaji ya kwake. Kupandisha mmoja hakuumizi kama kushusha mwingine.

Umeuliza pia kuhusu mchezo wako mwenyewe. Hapo una uhuru wa kudai maficho ukitaka, lakini ulipie. Wengi hutunga hivi: jifiche zamu nzima, ukifaulu, pigo lako linazidishwa mara mbili. Fanya hesabu. Pigo la kawaida liwe 8, nafasi ya kupata asilimia 65. Asiyejificha anapiga zamu mbili, anatoa 10.4. Anayejificha anapoteza zamu ya kwanza. Tuseme anafaulu kujificha asilimia 60. Akishindwa, zamu ya pili anapiga pigo la kawaida. Ili afikie hiyo 10.4 tu, pigo la mafichoni linatakiwa kuwa na madhara ya zaidi kidogo ya 21. Mara mbili ya 8 ni 16. Maana yake anayejificha katika mchezo huo anajipunja, na wachezaji wako wataligundua kufikia kipindi cha tatu. Inabidi liwe karibu mara tatu, na bado hujamlipa kwa hatari ya kukaa peke yake gizani.

Lipe kwa kujumlisha, usizidishe. Kuzidisha kunachukua kila nyongeza utakayobuni baadaye, upanga wa moto, dua, dawa, na kuitia kwenye kinu kimoja. Na ukitaka pigo lipatikane mara nyingi ndani ya zamu moja, fanya kama Pathfinder ya toleo la pili, ya 2019: dadu ni chache, moja mwanzoni na nne tu kufikia levo ya 17, na kila shambulio linalofuata katika zamu lina upungufu mkubwa wa kupata, hivyo dadu za pigo la tatu aghalabu haziingii. Lenye masharti magumu litoe madhara makubwa. La kila zamu litoe ya wastani na liwe na kikomo cha mara moja. Katikati pana nafasi nyingi, chagua kulingana na watu wako wanapenda kusubiri au kupiga.

Kisha jaribu kwa pambano la raundi tatu, maana mapambano mengi huamuliwa ndani ya hizo. Dadu za ludo za dukani zinatosha kwa upande wa madhara, ile ya pande 20 ipo kwenye simu. Mchezeshe anayejificha na asiyejificha dhidi ya adui mmoja mwenye uhai mwingi, halafu dhidi ya wanne dhaifu, mara nyingi uwezavyo kwa jioni moja. Andika jumla za pande zote mbili. Anayejificha akishinda dhidi ya mmoja na kushindwa dhidi ya wanne, namba zako ziko mahali pazuri. Akishinda kote, punguza dadu moja urudie.